MALAIKA WA ROMA NA MAKABURI YETU



Picha moja imeleta ubishi mkubwa darasani mwetu. Ni picha ya malaika wa mawe aliye katika makaburi ya Waprotestanti kule Roma. Huyu hasimami na tarumbeta kama tunavyowaza malaika. Amepiga magoti, ameangukia madhabahu, uso ameuficha katika mkono, mabawa yamelegea. Analia. Aliyemchonga ni Mmarekani William Wetmore Story, mwaka wa 1894, kwa kaburi la mke wake Emelyn. Mwaka uliofuata naye akafa, akazikwa hapo hapo. Hata leo watu wanatoka mbali kwenda kumwangalia.

Wenzetu fulani wakasema ati siye Waprotestanti hatuna kazi na sanamu. Kumbe malaika mwenyewe analala kwa Waprotestanti! Wengine wakasema hayo ni mambo ya wenye franga. Hapo wana haki kidogo. Lakini kinachotushika sisi si mabawa. Ni kwamba mtu alikataa mke wake asahauliwe.

Na huku kwetu? Masisi na Walikale msalaba ni wa mbao. Mvua inafuta jina, mchwa wanamaliza mbao, majani yanafunika. Na hao bado walipata msalaba. Mwaka wa 1993, mwezi wa tatu, watu waliuawa sokoni Ntoto, huko Walikale, na vita ikaenea Masisi. Tangu pale vita zimefuatana. Watu wanakimbia, wanazika njiani, wanaendelea na safari. Wazee wanaojua nani amelala wapi wanaisha.

Sisi hatuombi sanamu. Tunaomba salongo ya Jumamosi moja kila mwezi ifanyike makaburini, si katika uwanja wa mpira peke yake. Tena tunaomba daftari. Kila mwanafunzi aulize nyumbani, alete majina ya wafu wa jamaa yake na mahali walipozikwa, hata kama ni chini ya mti porini.

Tunajua kuna watakaosema jambo hili litaamsha maneno mabaya kati yetu. Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo maana kabila lisiandikwe. Jina, mwaka, mahali, basi. Nani alimwua, daftari halitauliza.

Panga na majembe tutaleta wenyewe. Daftari liwe la kifuniko kigumu, likae katika kabati la Bwana Prefe, mahali mvua haifiki.