Acha kuandika "Dodoma orijino" kama hujui imetoka wapi

Wauzaji wenzangu, leo niseme kuhusu neno tunalolipenda sana kwenye kapsheni: ORIJINO.

Mimi nauza zawadi na mvinyo kwa oda za mtandaoni, mzigo natolea hapa Kariakoo. Mwaka jana niliposti chupa nikaandika: "Mvinyo wa Dodoma orijino, bei maelewano, njoo inbox." Akaja dada mmoja anataka chupa 40 za sendoff ya mdogo wake. Akauliza: "Wa Dodoma sehemu gani? Hombolo au Makutupora? Zabibu gani?"

Nikamjibu: "Dada, ni wa Dodoma, wewe lipia tu."

Tiki mbili za bluu, kimya. Oda ikaenda kwa mwingine.

Nilikasirika, halafu nikajiuliza: kwani alikosea nini? Anatoa hela yake, anataka kujua ananunua nini.

Wenzetu Wafaransa hapo ndipo wanapotengenezea pesa. Chukua bonde la mto Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Mto mmoja, lakini kila eneo lina jina lake. Chupa ikiandikwa Muscadet, imetoka upande wa baharini, jirani na Nantes, mvinyo mweupe mkavu. Vouvray ni mweupe wa zabibu aina ya Chenin. Chinon inajulikana zaidi kwa mwekundu. Sancerre, huko bara, sifa yake ni mweupe wa Sauvignon. Mteja akisoma jina tu, anajua nini kinamsubiri. Na majina hayo yanalindwa kwa mfumo wa sheria wenye taasisi yake, ulioanza 1935. Shamba lako likiwa nje ya mpaka, hata mvinyo uwe mzuri vipi, jina hilo huliandiki.

Sasa sikia: Chenin hiyohiyo inalimwa Dodoma! Ipo pia zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la mahali palepale. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, Ufaransa mara moja. Hadithi ya kuuza tunayo, ila tunaitupa kwa neno "orijino" ambalo hata feki imeandikwa.

Mtasema mteja wa Bongo anaangalia bei. Sawa, wengi. Lakini mteja huyohuyo akinunua mchele anauliza, "Huu wa Kyela kweli?" Tayari anajua mahali ni ladha. Ukimuuzia "Kyela" ikatoka uji, hakugombezi. Anahama tu.

Ninavyofanya sasa: nageuza chupa, nasoma lebo. Kiwanda gani, kiko wapi, zabibu gani, mkavu au mtamu. Kisichoandikwa namuuliza aliyeniuzia jumla. Nisichokijua sikiandiki. Na leseni ya vileo iwepo, stempu ya TRA iwe kwenye chupa, hapo hakuna mjadala.

Wateja hawajawa mafuriko, nisiwadanganye. Ila wanaokuja hawabishani sana bei, na wanarudi.

Kwetu jina la mahali mara nyingi linalindwa na mdomo wa muuzaji. Ukilichafua, unamharibia mkulima wa Hombolo na unajiharibia mwenyewe.

Wewe unauza nini chenye jina la mahali? Na mteja akiuliza "sehemu gani?", unalo jibu? Tuambie kwenye komenti.