Bunia: Voleboli isiishie chuoni

Mwanafunzi anayecheza voleboli Bunia akipata diploma, swali la kwanza ni moja: akiendelea kucheza, atakula nini? Wavu haubadiliki. Kwa wanaume ni mita 2.43, chuoni na hata kwenye klabu ya kulipwa. Kinachobadilika ni siku ya mchezaji. Chuoni anafanya mazoezi baada ya masomo. Kwenye klabu, mazoezi ni kazi, na hapo ndipo mwili na akili ya mchezo vinakomaa.

Kenya imeonyesha njia. Timu zake kubwa za wanawake ni za waajiri: Magereza, Kenya Pipeline, benki ya KCB. Malkia Strikers, timu ya taifa inayotegemea klabu hizo, ilicheza Olimpiki ya Tokyo na ya Paris 2024.

Wengine watasema Ituri, iliyo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ina shida kubwa zaidi. Ni kweli, barabara za Irumu si salama. Lakini mashirika na kampuni za Bunia zikiajiri vijana 12 tu, kazi asubuhi, mazoezi jioni, timu imepatikana.