Risasi ndani ya nyamapori: swali ambalo hatuulizi buchani

Tangu Serikali ilipotunga kanuni za mabucha ya nyamapori mwaka 2020, nyama ya swala au nyumbu inaweza kuuzwa kihalali kwa kibali. Huku kwetu Mara, kuanzia Kiabakari hadi vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti, mnunuzi huuliza kibali na bei. Tunaongeza swali la tatu: mnyama alipigwa kwa risasi gani, na ilimpata wapi?

Risasi ni nini hasa?

Kwa Kiswahili neno ni moja: risasi inayotoka kwenye bunduki, na risasi madini laini yenye sumu. Risasi nyingi za kuwindia zina kiini cha madini hayo kilichofunikwa kwa shaba. Ikigonga mwili hutanuka ili kuua haraka, lakini pia humeguka. Picha za eksirei huonyesha chembe zisizoonekana kwa macho zikiwa zimetawanyika mbali na tundu la jeraha.

Shabaha ina maana gani?

Mwindaji mzoefu hulenga kifuani, nyuma kidogo ya bega, penye moyo na mapafu. Mnyama hufa upesi, na minofu ya mapaja hubaki mbali na jeraha. Risasi ikipiga mfupa mkubwa, humeguka zaidi. Ikipiga tumbo, uchafu wa utumbo huingia kwenye nyama na mnyama hukimbia na maumivu. Akiwa nyati, kijiji kizima kiko hatarini. Ndiyo maana mwindaji anatakiwa kumfuatilia mnyama aliyemjeruhi.

Mlaji afanye nini?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba. Kuchemsha hakuyaondoi, na ndimu au siki inaweza kuyayeyusha zaidi.

California ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote mwaka 2019. Denmark ilizizuia kwenye bunduki za kuwindia mwaka 2024. Mbadala upo: risasi za shaba tupu, ambazo hutanuka bila kumeguka ovyo.

Nyama ya mtego wa waya si jibu: ni ujangili, na haijapimwa na yeyote. Kwa mwenye bucha halali, ombi letu ni dogo. Eneo lote la jeraha likatwe kwa upana na kutupwa, kabla nyama haijapanda mizani.