KONA YA FUNDI NA FAMILIA: Bomba la bei nafuu la kuvuta vumbi la mbao

Mwezi huu hatuongei juu ya mitihani. Tunaongea juu ya vumbi.

Kama mnavyojua, posho ya mwalimu wa kujitolea haifiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jioni tunafanya useremala, watu watatu, nyuma ya nyumba ya mama mmoja jirani yetu. Zamani tulikuwa na randa na msumeno wa mkono tu. Maranda yalianguka chini, watoto wakayaokota ya kuwashia moto. Tulipopata mashine ya msasa ya umeme, mambo yakabadilika. Vumbi likawa laini kama unga wa muhogo, likaingia hadi kwenye sufuria na blanketi. Mtoto mdogo wa yule mama akaanza kukohoa usiku. Mama hakutufukuza. Alisema tu: "Wanangu, kazi ni yenu, lakini kifua ni cha mtoto wangu." Hata kulala hatukulala vizuri siku hiyo.

Vumbi hili si mchezo. Lile laini, ambalo halionekani vizuri kwa macho, ndilo linaloingia ndani zaidi ya mapafu. Tena mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua.

Dawa yake tuliiona kwenye mashine ya kusaga unga. Pale kuna feni ndani ya kasha la chuma, bomba, na mfuko wa nguo. Tukanunua feni kuukuu ya mashine iliyokufa. (Feni ya mezani haifai, inapuliza tu, haina nguvu ya kuvuta ndani ya bomba.) Kikabaki kitu kimoja: bomba lenyewe, ambalo wengine tunaliita tuyo.

Dukani mjini, bomba la plastiki la inchi 4 bei yake ilikula faida ya vitanda viwili. Mwenzetu akasema, basi tuchukue la inchi 2, ni nusu. Kumbe sivyo! Hapa ualimu ulitusaidia. Eneo la mdomo wa bomba ni 3.14 mara nusu-kipenyo mara nusu-kipenyo. La inchi 4 ni 3.14 × 2 × 2 = 12.56. La inchi 2 ni 3.14 × 1 × 1 = 3.14. Si nusu, ni robo! Ukinunua jembamba, umetupa hela.

Siku ya tatu, magharibi, kijana mmoja alituletea bomba zuri la inchi 4, bei ya kutupa. Tulifurahi sana. Halafu tukaona wavu wa nzi umefungwa juu yake. Lilikuwa bomba la hewa la choo. Ndugu zetu, bomba lile linatoa harufu, na nzi wanaopanda kufuata mwanga wananaswa kwenye wavu. Ukiling'oa, nzi wanatoka chooni wanakuja kwenye chakula. Tungemponya mtoto mmoja kifua, tukawapa watoto wa mtaa mzima kuhara. Tukamwambia alirudishe, na mmoja wetu akaenda naye kulifunga. Vilevile msikubali vipande vya bomba la asbesto la zamani. Vumbi lake ni baya kuliko la mbao.

Mwishoni jibu lilikuwa kwa fundi bati, yule anayetengeneza vibatari na majiko kwa makopo ya mafuta ya kula. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 linahitaji bati la upana wa sentimita 33 hivi: 31 na nusu za kuzunguka, zinazobaki za kukunjia. Alikunja vipande, akaviunganisha, na tulimlipa kwa kigoda kimoja na pesa kidogo.

Mambo tuliyojifunza:

1. Bomba liwe fupi. Weka feni karibu na mashine.
2. Kona kali inapunguza nguvu. Kata vipande vitatu vya mshazari, upate kona ya polepole.
3. Mwisho wa kila kipande uingie ndani ya kipande kinachofuata, kuelekea feni, ili vumbi lisinase.
4. Ziba maungio yote kwa mkanda au kitambaa chenye gundi. Tundu dogo linaiba upepo.
5. Kabla ya feni weka pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana, taka nzito zianguke humo. Bidoni la plastiki litajikunja.
6. Mfuko wa nguo ukae nje, mbali na mlango wa jirani.
7. Jiko la makaa na sigara viwe mbali kabisa. Vumbi la mbao likijaa hewani linaweza kulipuka.

Tusidanganyane, vumbi halikuisha lote. Bado tunafunga kitambaa mdomoni, na tunamwagia maji sakafu kabla ya kufagia. Lakini sufuria za mama sasa ni safi. Mtoto naye tulimsindikiza kituo cha afya, kwa sababu kikohozi kinachoendelea kinaweza kuwa na sababu nyingine, na bomba la bati si daktari. Sasa analala.

Zoezi la familia: bomba la inchi 6 lina eneo mara ngapi la bomba la inchi 2? Watoto wafanye hesabu, wazazi wasahihishe. Jibu mwezi ujao, Mungu akipenda.