Magendo ya Amri: Istilahi Tunazodaiwa

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huyaona masuala ya usalama wa kompyuta kuwa ya wahandisi peke yao. Maoni yangu ni kinyume, kwani kiini cha mojawapo ya hatari kuu za tovuti ni lugha.

Tovuti nyingi hutengenezwa kwa violezo, yaani kurasa zenye mapengo ambayo programu huyajaza kwa maneno ya watumiaji. Mtu mwovu akiandika amri mahali pa jina lake, na kiolezo kikaipachika ilivyo, kivinjari cha msomaji mwingine huitekeleza kana kwamba imetoka kwa mwenye tovuti. Kikulacho ki nguoni mwako. Oktoba 2005 amri ya namna hiyo ilienea katika MySpace, ikawafikia watumiaji zaidi ya milioni 1 kwa muda usiotimia saa 24.

Mwaka 2000 wahandisi wa Microsoft waliipa hatari hii jina linalotaja hati zivukazo kutoka tovuti hadi tovuti, ingawa mara nyingi hakuna tovuti ya pili inayohusika. Mkazi wa Busia au Malaba angeiita magendo: kilichokatazwa kimefichwa ndani ya mzigo halali. Dawa yake pia anaijua. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, ukaguzi wa kutoka na wa kuingia hufanyika upande ule mzigo unakoingia. Vivyo hivyo, kiolezo hakina budi kuyakagua maneno pale yanapoingia ukurasani, bila kutegemea ukaguzi wa yalikotoka. Django iliufanya ukaguzi huo kuwa kawaida katika toleo la 1.0 la mwaka 2008. Jinja humwachia mwandishi wa programu auwashe mwenyewe.

Tendo hilo Waingereza huliita kutoroka. Tukilitafsiri neno kwa neno tutampotosha mwanafunzi, maana hakuna kinachotoroka: alama < huandikwa &lt; ili ionekane bila kuamuru. Napendekeza kuzimua, kama kizimuliwavyo kikali kwa maji.

Kazi hii yawezekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wanaistilahi wakinyamaza sasa, vijana wa mpakani watajenga tovuti ambazo hatari zake hawawezi kuwaeleza wazazi wao wanaozitumia.