Paa au injini? Uamuzi mgumu wa maskini wa California wanaoishi ndani ya magari makuukuu

Wengi wenu mmeziona video hizo kwenye simu. Magari marefu yamepangana kando ya barabara katika mji tajiri wa Marekani, rangi imebabuka, juu yamefunikwa turubai la bluu, na ndani yake watu wanaishi. Maswali yanayoletwa studio yanafanana. Mtu mwenye gari lenye kitanda, jiko na choo anaitwaje maskini? Na kama ni maskini kweli, kwa nini serikali imchukulie hilo gari?

Tuanze na gari lenyewe. Wamarekani huliita RV, maana yake gari la mapumziko. Sisi tutaliita gari-nyumba. Lilibuniwa kwa ajili ya likizo. Kampuni ya Winnebago ya jimbo la Iowa ilianza kuyatengeneza kwa wingi mwaka 1966, na tangu hapo mastaafu na familia zenye uwezo wamekuwa wakiyatumia kuzunguka nchi wiki mbili tatu kisha kuyarudisha uani. Wakati wa Covid, watu walipoogopa hoteli na ndege, biashara ilipanda mno: mwaka 2021 viwanda vilitoa takriban magari 600,000 ya aina hii, ukihesabu na yale ya kukokotwa nyuma ya gari jingine.

Gari jipya likiingia uani, la zamani husogezwa pembeni. Hukaa hapo miaka, jua likilipiga na mvua ikilinyeshea, panya wakizaa ndani. Siku moja mwenyewe anachoka kuliona na kuliuza kwa dola 1,000 au 2,000. Wengine hulitoa bure, mradi uje na namna ya kuliondoa.

Na wanunuzi wapo. Mwaka 2025 mshahara wa chini California ulikuwa dola 16.50 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hupata takriban dola 2,860 kwa mwezi kabla ya makato. Fleti ya chumba kimoja Los Angeles mara nyingi ni karibu dola 2,000 kwa mwezi au zaidi, na mwenye nyumba anataka na amana juu yake. Huyo ni mwenye kazi ya kudumu. Mzee asiye na akiba anayeishi kwa ruzuku ya SSI alipata kutoka serikali kuu dola 967 kwa mwezi mwaka huo huo, na hata ukiongeza ya jimbo, haifiki 1,300. Kwa watu hawa, dola 2,000, karibu shilingi milioni tano za Tanzania, ni kodi ya mwezi mmoja tu. Mbele yao kuna gari lenye mlango unaofungwa, kwa bei hiyo hiyo, nalo litakuwa mali yao. Tusiwacheke. Hata sisi tungelitazama mara mbili.

Januari 2024 serikali ya Marekani ilihesabu watu 771,480 wasio na makazi nchi nzima, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. California pekee ilikuwa na takriban 187,000. Wanaolala ndani ya magari wamo katika hesabu hiyo, maana kwa serikali gari si makazi. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Maji kwanza, injini baadaye

Anayenunua gari kuukuu kwa kawaida husikiliza injini. Kwenye gari-nyumba, adui wa kwanza ni maji. Magari haya hayajajengwa kama basi. Mengi ya zamani yana fremu ya mbao nyembamba, plaiwudi, sponji la kuzuia joto, na ganda la alumini au faibaglasi kwa nje. Paa lina matundu mengi: la hewa, la bomba la choo, la antena, la kiyoyozi. Kila tundu limezibwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hukauka na kupasuka kwa jua. Mwenye gari anatakiwa kulikagua paa kila mwaka. Gari lililotelekezwa miaka kumi halijakaguliwa na mtu.

Maji yanayoingia juu hayadondoki kitandani mara moja. Yanateremka ndani ya ukuta na kuozesha mbao kimyakimya. Mnunuzi mzoefu hubonyeza ukuta kwa kidole gumba kwenye pembe, chini ya madirisha na juu ya kitanda. Ukuta ukibonyea kama mkate, mbao zimekwisha. Ganda la nje likivimba, ndani kumeachana. Na ukiingia ukakuta harufu ya ukungu imefunikwa kwa manukato, toka. Kutengeneza ukuta uliooza ni kuuvua wote mpaka kwenye fremu na kujenga upya. Fundi wa kazi hiyo Marekani mara nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa. Ndiyo maana ya lile turubai la bluu mnaloliona kwenye video: ndilo paa jipya alilolimudu mwenyewe.

Kisha kuna matairi. Kwa macho yanaonekana mazima, meno yote yapo, kwa kuwa gari halikutembea. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa. Ubavuni mwa tairi kuna namba zinazoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Matairi mengi yanayouzwa kwetu, ya mtumba na mapya, yana namba hiyo pia, kaangalieni. Gari-nyumba lina uzito wa lori dogo, na tairi la miaka kumi likipasuka barabarani hupasua na sakafu.

Yaliyobaki mafundi wetu wanayajua. Petroli iliyokaa miaka inageuka utomvu na kuziba kabureta. Breki zinashika. Mipira ya mafuta inakatika ukiikunja, na panya wamekula nyaya. Injini zenyewe ni kubwa, nyingi za silinda nane zenye ujazo wa lita saba na zaidi, na kwa lita moja ya petroli gari huenda kilomita tatu mpaka nne tu. Ndani kuna mtungi wa gesi unaohudumia jiko, kipasha joto na friji. Bomba likivuja ni moto. Kipasha joto kikiwa kibovu, usiku madirisha yamefungwa, kinatoa hewa ile ile yenye sumu inayoua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa.

Sheria inatazama magurudumu

Mtu mwenye dola 500 za matengenezo azitumie wapi? Akiishi ndani ya gari, jibu linaonekana wazi: paa, kitanda, gesi. Mvua hainyeshei injini. Wengi hufanya hivyo, na kwa mwenye nyumba yoyote ni akili timamu.

Ila gari hilo liko barabarani, na sheria za barabarani hazina habari na paa. California, mji ukiweka kanuni hiyo, gari lisilosogea kwa saa 72 linaweza kuvutwa. Los Angeles imeiweka. Gari ambalo usajili wake umepitiliza zaidi ya miezi sita nalo linaweza kuvutwa. Usajili hauhuishwi bila gari la petroli la mwaka 1976 au baada yake kupita kipimo cha moshi kila baada ya miaka miwili, kipimo ambacho injini kuukuu yenye kabureta chafu haitapita. Na ada za usajili zisizolipwa hubaki na gari. Ukilinunua kwa dola 1,000, umenunua na deni la aliyekutangulia.

Kwa hiyo aliyeziba paa anaishi pakavu mpaka siku bredauni inapofika. Aliyetengeneza injini anaweza kusogea kila siku ya tatu, lakini analala kwenye ukungu. Na gari likishavutwa, kuna gharama ya kulivuta na ada ya yadi inayoongezeka kila siku. Ndani kuna nguo, dawa, vyeti na picha za watoto. Mwenye kipato kidogo halikomboi.

Kwa muda mahakama ziliwapa nafuu kidogo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilifuta kanuni ya Los Angeles iliyokataza kuishi ndani ya gari, kwa kuwa maneno yake hayakueleweka: polisi angeweza kumkamata karibu mtu yeyote mwenye mzigo garini. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya jimbo la Washington iliamua kesi ya mtu aliyekuwa akiishi ndani ya pikapu yake mjini Seattle. Ilikuwa imevutwa, akatakiwa kulipa dola 547 kwa mafungu ya dola 50 kwa mwezi, naye kipato chake kilikuwa dola 400 mpaka 700. Majaji walisema mambo mawili: kwamba pikapu ile ilikuwa makao yake kisheria, na kwamba adhabu hiyo ilizidi kiasi kwa mtu wa hali yake. Hukumu hiyo inafunga jimbo la Washington tu.

Upepo uligeuka tarehe 28 Juni 2024. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, kwamba kuwatoza faini watu wanaolala nje si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba. Miji mingi iliona mlango umefunguliwa. Julai 2025 San Francisco ilipitisha kanuni kwamba gari lenye urefu wa zaidi ya meta 6.7, au kimo cha zaidi ya meta 2.1, lisiegeshwe mtaani zaidi ya saa mbili. Waliokuwa tayari wakiishi humo hadi Mei walipewa nafasi ya kuomba kibali cha muda huku wakitafutiwa nyumba, na mji ukaahidi kuwalipa watakaosalimisha magari yao. Oktoba mwaka huo huo Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria iitwayo AB 630. Zamani, gari lililotelekezwa liliweza kusagwa bila mlolongo mrefu kama thamani yake haizidi dola 500. Sheria mpya inaziruhusu kaunti za Los Angeles na Alameda kufanya hivyo kwa gari-nyumba lililotelekezwa au lisilotembea, hadi thamani ya dola 4,000.

Magari tunayoyazungumzia karibu yote yako chini ya bei hiyo. Na neno "lisilotembea" linamgusa moja kwa moja yule aliyetumia pesa zake kwenye paa.

Majirani nao wana lao

Tusiseme upande mmoja. Gari-nyumba lina tanki la maji taka, na linatakiwa kumwagwa kwenye kituo maalumu. Gari lisilotembea haliendi kituoni. Kinachofuata mnakijua, kinaingia kwenye mtaro wa mvua. Moto wa gesi umeunguza magari kadhaa kwa mpigo. Mwenye duka anayefungua asubuhi na kukuta hayo mlangoni kwake ana haki ya kulalamika, hata kama naye anamwonea huruma aliye ndani.

Wapo pia wanaofanya hali hii kuwa biashara. Los Angeles kuna watu wanaonunua makuukuu haya kwenye mnada wa yadi, magari yale yale yaliyovutwa na mji, wanayarudisha mtaani na kuyapangisha kwa wasio na pa kwenda. Gari halina maji wala breki, lakini kila mwezi kodi inadaiwa. Waliotetea AB 630 walitumia hoja hii: bila kuyasaga, yanazunguka tu kutoka yadi hadi barabarani. Tunaona hoja hiyo ina uzito. Tatizo ni kwamba anayepangisha akipoteza gari amepoteza dola 1,000 na atatafuta jingine, ilhali aliye ndani amepoteza mlango.

Njia nyingine zipo. Meya wa Los Angeles, Karen Bass, ana mpango unaowapa watu vyumba vya hoteli, na wenye magari-nyumba hutakiwa kuyaachia. Baadhi wamekubali. Wengine wanasita, na sababu inaeleweka: chumba cha hoteli ni cha muda, na ukirudishwa mtaani, gari ulilolitoa halipo tena. Viwanja ambako gari linaweza kuegeshwa usiku, penye choo na mlinzi, vimefunguliwa katika miji kadhaa, lakini nafasi ni chache, na vingi vinataka gari liwe na usajili hai na liweze kuingia lenyewe.

Ndugu zenu walioko huko wakiwaambia wamepata gari-nyumba la bei ya kutupa, waulizeni kadi yake kabla ya kuuliza ukubwa wa kitanda: usajili umeisha lini, ada gani zinadaiwa, lilipita kipimo cha moshi mwaka gani. Halafu wabonyeze ukuta. Na wawe wamepata ardhi ya mtu aliyekubali kwa maandishi waegeshe, maana hata hapo kaunti nyingi zinakataza kuishi ndani ya gari kwenye kiwanja cha makazi. Kama hawana pa kuegesha, dola za kwanza ziende kwenye matairi, breki na usajili. Paa lingoje, chini ya turubai.