Tathmini ya Mwalimu na Funzo la Matuta ya Mbooni

Kuna nyakati ambapo walimu katika shule za umma nchini Kenya huonekana wakikusanya maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi za vipindi walivyofundisha. Msimu wa tathmini huwa umewadia. Tangu mwaka wa 2016, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) imemtaka kila mwalimu wa shule ya umma ajiwekee malengo, ajipime, kisha apimwe na mkubwa wake wa kazi. Yanayoandikwa humo huweza kumfaa au kumponza siku atakapoomba kupandishwa cheo.

Ndipo linapozuka swali la kila mara: je, mwalimu afanye nini zaidi ya kazi aliyoajiriwa kuifanya ili atambuliwe kuwa hodari? Wako wanaodhani kwamba dawa ni kudaka kila jukumu linalotajwa mkutanoni, liwe la kwaya, la kandanda au la kamati ya nidhamu. Wako pia wanaodhani kwamba kufanya lolote la ziada ni kujipendekeza kwa mwalimu mkuu. Kwa maoni yetu, makundi haya yote mawili yamepotoka.

Anayepanda kuelekea Kikima, katika milima ya Mbooni kaunti ya Makueni, hulikuta jibu limechongwa ardhini. Miteremko mikali imekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, na juu yake yamesimama mahindi, maharagwe na miti ya matunda. Matuta hayo yana historia ambayo yafaa kila mwalimu aitafakari.

Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu walichimba kwa kuogopa adhabu, na kazi iliyofanywa kwa hofu haikupendwa wala kutunzwa. Hali ilibadilika katika miaka ya 1950 pale kazi hiyo ilipofanywa kwa njia ya mwethya, yaani ule ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kazi, huku watu wakijichagulia viongozi wao. Matuta yakaenea. Mwaka wa 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba, tangu miaka ya 1930 hadi 1990, idadi ya watu wilayani iliongezeka zaidi ya mara tano ilhali ardhi ilizidi kutunzwa na mazao yakaongezeka.

Funzo ni bayana. Ziada ya kumridhisha mkaguzi hufa mkaguzi akishaondoka. Ziada inayofanywa kwa ajili ya shamba lenyewe hudumu. Shamba la mwalimu ni mwanafunzi.

Kwa hivyo, mwalimu na aanze kwa kutimiza wajibu. Hapana faida ya kusifiwa kwa kuongoza kwaya ilhali vipindi vya hesabu havifundishwi. Isitoshe, na aisome fomu kwa makini kabla ya kujitwika mizigo. Michezo na ushirikiano na wazazi, mambo ambayo wengi huyaita ziada, yalikuwa miongoni mwa vipengele vya tathmini hiyo tangu ilipoanza.

Akishatimiza wajibu, na achague pengo moja analoliona kwa macho yake. Huenda ni wanafunzi wasiojua kusoma sawasawa, au maabara yenye vifaa visivyoguswa. Ndugu Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, eneo la Njoro, alikuza chama cha sayansi na kuwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya vipindi. Mwaka wa 2019 alituzwa huko Dubai kuwa mwalimu bora duniani. Yeye pia alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Hatusemi kila mwalimu afanye hivyo. Wengi wana watoto wa kulisha. Tunasema kwamba alianzia palipokuwa na haja.

Kisha mwalimu na aandike alichokifanya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika ofisi ya tathmini kizuri kisichoandikwa hakina mnunuzi. Daftari lenye tarehe, majina ya wanafunzi na alama zao za kabla na za baada si majivuno. Ni ushahidi.

Hata hivyo, haki haina budi kutendeka pande zote. Wakuu wa shule wasiigeuze hiari kuwa amri, wakamtwika mzigo wote yule asiyejua kukataa, kisha wakampa alama za juu yule mwenye faili maridadi. Anayepima matuta hana budi kupanda mlima. Vivyo hivyo, anayempima mwalimu na aingie darasani, ayatazame madaftari ya wanafunzi, awasikilize.

Nanyi wanafunzi, mtihani ndio tathmini yenu. Anayesoma yale tu yatakayotahiniwa anachimba kwa hofu. Anayesoma kitabu kimoja zaidi, na kumweleza mwenzake asichokielewa, amejiunga na mwethya.

Kuna aina ya matuta ambayo mkulima huyajenga kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Huitwa 'fanya juu'. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuutupa chini, na siku ya kwanza shamba huonekana halijabadilika. Lakini mvua zinapokuja mwaka baada ya mwaka, udongo hujikusanya nyuma ya tuta na shamba likasawazika. Ualimu nao ni hivyo. Muhula mmoja waweza kupita pasipo alama ya juu, lakini mwanafunzi aliyeinuliwa hateremki tena na maji.